MAISHA YA VITTORIO SELLA, MUPIGA FOTO MWENYE KILELE KU RWENZORI

Katika toleo hili sisi wafinalisti tulipewa ukurasa wa maisha ya watu waliojulikana. Labda wengi walifikiri tutaandika tena juu ya mufalme fulani ao mukubwa wa siasa. Hapana. Mara hii tunaandika juu ya mutu ambaye kazi yake ilikuwa kupiga foto. Jina lake ni Vittorio Sella. Alikufa mwaka 1943, lakini jina lake liko ku kilele kimoja cha milima ya Rwenzori, kule kaskazini kwetu, na foto zake zinafanya kazi mpaka leo.

Habari ilianza namna hii. Katika somo la jiografia mwalimu alituonyesha foto ya zamani: mulima mweupe kabisa, barafu imeshuka chini sawasawa ulimi wa ng'ombe. Akatuuliza ni inchi gani. Mumoja akajibu Uswisi, mwingine Kanada. Kumbe ni Rwenzori, milima iliyo ku mupaka wa Kongo yetu na Uganda, karibu kabisa na ikweta! Tulicheka, kisha tukaona haya. Sisi watu wa Kalehe tunaamka kila asubuhi na ziwa Kivu mbele yetu na milima nyuma yetu. Tunajua Kahuzi yenye metre 3,308, tunajua Nyiragongo yenye moto. Lakini mulima wa theluji wa inchi yetu hatukuujua. Ndipo tukaamua kumutafuta mutu aliyepiga ile foto.

Jamaa yake na utoto wake

Vittorio Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika muji wa Biella, kaskazini ya Italia, chini ya milima ya Alpi. Biella ni muji wa manyoya ya kondoo. Watu wa huko walifuma vitambaa, na jamaa ya Sella walikuwa na kiwanda. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mwenye kiwanda lakini alipenda pia kemia. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya kazi ya foto, kimoja kati ya vitabu vya kwanza vya namna hiyo katika luga ya Kiitalia. Wakati ule foto ilikuwa bado jambo jipya, kwani habari yake ilitangazwa Paris mwaka 1839 tu. Basi mutoto Vittorio alizikuta dawa na vioo vya foto nyumbani kwao.

Milima vilevile aliikuta nyumbani. Baba yake mudogo, Quintino Sella, alikuwa waziri wa feza wa Italia, na ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Baba wa Vittorio alikufa mwaka 1876, kijana akiwa na umri kama wetu sisi wa madarasa ya juu. Wale kati yetu wasio na baba wanajua umri ule ni mugumu namna gani. Vittorio aliingia katika kazi ya kiwanda cha jamaa, lakini vitu viwili alivyoachiwa, kemia ya baba na milima ya baba mudogo, hakuviacha. Aliviunga pamoja vikawa kazi moja.

Namna kazi ya foto ilivyokuwa

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wasifikiri kupiga foto kulikuwa kama leo, mutu anatoa simu mufukoni na kubonyeza. Mwaka 1879, akiwa na miaka 20, Vittorio alipanda mulima Monte Mars karibu na Biella ili apige foto za milima yote inayouzunguka. Kwa dawa za wakati ule kioo kilipakwa dawa palepale ku mulima, ndani ya hema yenye giza. Kikaingizwa katika kamera kikiwa kingali na maji, kikapokea nuru, kisha kikarudishwa hemani na kusafishwa mbele hakijakauka. Ukichelewa kidogo, kazi yote imepotea. Kisha vioo vikavu vilivyotayarishwa mbele ya safari vilianza kupatikana, na kazi ikawa rahisi kidogo.

Tunasema kidogo, sababu uzito ulibaki. Vittorio alitaka foto kubwa, ili mutu akiitazama aone kila ufa wa jiwe na kila mukunjo wa barafu. Kwa hiyo alitumia vioo vya santimetre 30 kwa 40. Kioo kimoja kilikuwa na uzito wa karibu kilo 1. Hesabuni wenyewe: vioo 12 ni karibu kilo 12, na kamera yenyewe ni muzigo, miguu yake ya miti ni muzigo, hema ni muzigo. Vyote hivyo vilipandishwa kwa kamba ku barafu, na kioo kinavunjika. Mutu akianguka, hata kama yeye mwenyewe amepona, labda kazi ya juma zima imekwisha.

Vittorio hakuogopa. Mwaka 1882, katika mwezi wa tatu, yeye na waongozi wa ukoo wa Carrel walikuwa watu wa kwanza kupanda mulima Cervino wakati wa baridi kali. Upande wa Uswisi wanauita Matterhorn. Mwaka 1884 alipanda Monte Rosa wakati wa baridi, na mwaka 1888 akauvuka Mont Blanc wakati wa baridi vilevile. Kisha akatoka Ulaya yake. Alienda katika milima ya Kaukazi mara tatu, miaka ya 1889, 1890 na 1896. Mwaka 1890 chama kikubwa cha jiografia cha London kilimupa zawadi juu ya kazi ile.

Safari pamoja na mwana wa mufalme

Wakati ule kulikuwa kijana wa jamaa ya kifalme ya Italia, Luigi Amedeo wa Savoia, mwenye cheo cha Duka wa Abruzzi. Huyu alipenda safari za hatari kuliko maisha ya jumba la kifalme. Mwaka 1897 alimuchukua Vittorio mpaka Alaska, na tarehe 31 Julai walifika juu ya mulima Saint Elias wenye karibu metre 5,489. Mbele yao hakuna mutu aliyejulikana kufika pale. Mwaka 1899 Vittorio alienda pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield kuuzunguka mulima Kangchenjunga katika Himalaya, mulima wa tatu kwa urefu duniani.

Kisha ikafika zamu ya milima yetu. Henry Morton Stanley aliiona theluji ya Rwenzori mwaka 1888. Baada yake Wazungu wengi walijaribu kupanda, lakini mvua, matope na ukungu viliwarudisha. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kilele kipi ni cha juu zaidi, wala mito ya barafu iko mingapi. Lakini tusidanganyane. Wenyeji hawakungoja Stanley. Wakonzo wa upande wa Uganda na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo walikuwa na jina la theluji katika luga yao, nzururu, wakati Wazungu wangali wanabishana kama theluji inaweza kukaa ku ikweta.

Mwezi wa ine mwaka 1906 kundi la Duka lilipanda meli kule Napoli. Walishuka Mombasa, wakachukua gari la moshi mpaka ziwa Victoria, wakavuka kwa meli mpaka Entebbe. Kutoka pale walienda kwa miguu mpaka Fort Portal, na msururu wa wapagazi nyuma yao. Ndani ya kundi kulikuwa Umberto Cagni musaidizi wa Duka, daktari Cavalli Molinelli, mwanajiolojia Roccati, waongozi wa Alpi wa ukoo wa Petigax na wenzao. Vittorio Sella alikuwa pamoja na musaidizi wake Erminio Botta, mutu wa Biella kama yeye. Vittorio alikuwa na miaka 46.

Walipanda bonde la muto Mubuku na kuweka kambi chini ya jiwe kubwa, fasi inayoitwa Bujongolo. Tarehe 18 Juni 1906 Duka na waongozi wake walifika ku vilele viwili vya juu kuliko vyote. Wakaviita Margherita na Alexandra, majina ya malkia wa Italia na malkia wa Uingereza. Margherita iko na metre 5,109, na mupaka wa Kongo na Uganda unapita pale juu. Katika majuma yaliyofuata walipanda vilele vingine vingi, wakapima na kuchora karta.

Na Vittorio? Yeye kazi yake ilikuwa kungoja. Rwenzori ni mulima wa mvua. Ukungu unafunika kila kitu, unafunguka kidogo, unafunga tena. Mutu wa kupanda anaweza kufika juu katika ukungu na kusema amefika. Mupiga foto hawezi. Akifika katika ukungu ni kama hakufika. Basi alipaswa kukaa pale juu katika baridi, kamera imesimama, mikono imekufa ganzi, akingoja wingu lipasuke. Kwa njia hiyo zilipatikana foto za duara nzima zinazoonyesha Rwenzori ya mwaka 1906, barafu yote mahali pake. Watu wengi wa dunia walizijua zile foto wakati hawajasikia hata jina la Wakonzo.

Ubishi wetu juu ya jina

Milima mikubwa ya Rwenzori ni sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Huu wa mwisho una jina la Duka mwenyewe. Yeye alikuwa ameuita kwa jina la mutu mwingine, lakini wakubwa wa jiografia wa London walitaka ubaki na jina lake. Ku mulima huo, upande wa Uganda, kuko vilele vitatu: Sella, Weismann na Stairs. Kilele cha Sella kiko na metre zaidi ya 4,600. Leo kiko ndani ya mbuga ya taifa ya Rwenzori iliyowekwa na Uganda mwaka 1991. Upande wetu wa Kongo milima ile iko ndani ya mbuga ya Virunga, mbuga ya taifa ya kwanza ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925.

Hapa ubishi uliingia kati yetu. Tulikuwa tumekaa ku baraza ya internat kiisha chakula cha mangaribi, na mwenzetu mumoja akauliza sababu gani mutu aje kwa miezi michache, apige foto, halafu mulima uchukue jina lake, na wale waliobeba kamera wasipate hata jiwe moja lenye majina yao. Wengine wakamupinga: yule mutu alifanya kazi, hakuiba kitu. Mwingine akaleta habari ya jirani wa Sella pale juu. Stairs ndiye yule mwaskari aliyeongoza safari ya Katanga mwaka 1891, ambamo mufalme Msiri wa Garenganze aliuawa. Vilele viwili vimesimama pamoja, kimoja cha mupiga foto na kimoja cha mutu wa bunduki, na karta inaviandika kwa herufi za ukubwa mumoja.

Tulibishana mpaka kengele ya kulala. Hatukupatana katika mambo yote, lakini tulipatana katika mawili. La kwanza: Vittorio Sella hakujiita mwenyewe mwenye mulima, jina alipewa. Juu ya hilo hatuwezi kumuhukumu. La pili: wapagazi walitendewa vibaya na kumbukumbu ya watu. Wakonzo walijua njia, walibeba mizigo katika matope na mvua, na bila wao kioo hata kimoja kisingefika juu. Sura za wapagazi zimebaki katika foto za safari ile, lakini karta haina jina la hata mumoja wao. Kahuzi na Biega yetu, asante Mungu, imebaki na majina ya wenyeji. Tuyatunze.

Mwisho wa maisha yake

Mwaka 1909 Duka alimuchukua tena, mara hii mpaka milima ya Karakoram, ku mulima K2, wa pili duniani kwa urefu. Hawakufika juu, lakini Vittorio alipiga foto za pande nyingi za mulima ule. Waitalia walipofika juu ya K2 mwaka 1954 walifuata mugongo unaoitwa kwa jina la Abruzzi, ulio katika foto za safari ya 1909. Ndiyo kusema foto zake ziliongoza watu hata alipokuwa amekwisha kufa.

Hakuacha milima katika uzee. Mwaka 1935, akikaribia miaka 76, alijaribu tena kupanda Cervino. Mwongozi mumoja aliumia njiani, na muzee akarudi chini. Alikufa kwao Biella tarehe 12 Agosti 1943, wakati vita kuu ya pili ilikuwa bado inawaka. Vioo vyake vimetunzwa Biella mpaka leo. Mupiga foto Ansel Adams wa Marekani, aliyepiga foto za mbuga ya Yosemite, alimusifu sana. Huyu naye ana mulima wenye jina lake katika mbuga ile, tangu mwaka 1985.

Faida ya foto zake leo

Sasa tufike ku jambo lililotugusa zaidi. Mwaka 1906 milima yote sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu, pamoja karibu kilometre za mraba 7. Joto la dunia likapanda. Mbele karne ya 20 haijaisha, barafu ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imekwisha yote. Mwanzoni mwa karne hii, ku Rwenzori nzima haikubaki hata kilometre za mraba 2, na inaendelea kupungua. Basi angalieni: mulima wenye kilele cha Sella hauna tena barafu. Mutu aliyepewa jina juu ya foto za barafu, kilele chake ni jiwe tupu.

Tunajuaje hayo yote? Wanasayansi na wapiga foto wa leo wanarudi mahali palepale alipopiga Sella, wanaweka foto yao kando ya foto yake, na hasara inaonekana wazi. Hakuna anayeweza kusema kwamba wazee walitia chumvi. Kioo kinashuhudia. Sella hakujua atakuwa shahidi. Yeye alitaka tu foto iwe safi na ya kweli, na kwa sababu ilikuwa ya kweli, imefaa kwa jambo ambalo hakuliwazia.

Sisi wa Kalehe tunayaelewa haya kwa uchungu. Mwezi wa tano mwaka 2023 mvua na mafuriko vilibomoa Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wamo ndugu zetu, wamo wanafunzi wenzetu. Baada ya maji kupita, hata wenyeji walishindwa kuonyesha nyumba fulani ilikuwa wapi, soko lilianzia wapi, njia ilipita wapi. Jamaa nyingi hazikubaki na foto hata moja, ya nyumba ao ya mutu. Mwenzetu mumoja anamukumbuka dada yake kwa foto ndogo ya karta ya shule tu. Nyuma yake hakuna tarehe, hakuna kitu.

Kwa hiyo hatuandiki maisha haya ili kila mutu apande Cervino. Tunaomba jambo dogo. Wale wenye foto nyumbani, hata moja, waandike nyuma yake majina, fasi na mwaka, na wawaulize wazee wangali hai. Wale wenye simu wapige foto ya kijiji chao kutoka fasi moja, mara moja kila mwaka, muto wake, mashamba yake, pori lake. Kalamu ya franga chache inatosha, na miaka 50 kutoka leo mutu atashukuru.

Sisi wenyewe tumeanza. Kila mwaka wafinalisti wanapiga foto ya pamoja mbele ya egzame ya taifa, na desturi ni kuweka walimu mbele na sisi nyuma. Mwaka huu tumewaita pia mama mupishi na baba muzamu wa usiku, ambao kwa miaka yote sita walitubeba sawasawa wapagazi wale. Baba muzamu alikataa kwanza, akasema hana koti. Mumoja wetu akamuazima lake. Majina yote 43 tumeyaandika nyuma ya foto kwa wino, na hayo mawili yamo katikati.